Kibua Haisikie Mweso

"Kibua haisikie Mweso." Maneno hayo yalinifikia Masisi asubuhi moja, nikayapokea kama mtu anavyopokea habari ya bati linalovuja: kero, lakini kero yenye dawa. Kesho yake yakaja tena. Wiki iliyofuata, bado. Kibua inasikia Masisi, inasikia Walikale, inasikia hata vituo vya mbali ambavyo hakuna aliyeviuliza. Mweso tu ndiyo haisikie.

Mimi ni fundi wa foni. Nafundisha watu wa vituo vya afya kuitumia, na ikikataa kazi naenda kuiamsha. Foni ninayosema si ile ya mfukoni. Ni redio kubwa ya kuongelea inayokaa mezani, na mikro yake ya kushika mkononi, batri chini ya meza, pano ya jua juu ya mabati, na nje waya mrefu wa antene uliofungwa kati ya miti miwili. Simu za mfukoni zimefika Masisi, zimefika Mweso, lakini ukishaingia upande wa msitu zinabaki kuwa tochi. Huko ni foni inayoita moto, ile pikipiki ya kubeba mgonjwa, ni foni inayoagiza dawa.

Kila asubuhi tuna kipindi chetu tunachokiita vakasyo. Masisi anaita vituo kimoja kimoja, na kila kimoja kinasema kinawasikia wenzake kiasi gani. Tano ku tano ni safi kabisa. Tatu ni kusikia kwa kukaza sikio. Sifuri ni hakuna kitu. Ukimaliza kusema unatia "avu" ili mwenzako naye aseme, na ukipokea neno unajibu "biyen resi". Kifaransa hicho kimeshakuwa cha kwetu. Hata mama wauza ndizi wa Kibua wakimaliza kubishana wanaambiana "avu" na kucheka.

Watu wanasema nina hasira. Si kweli. Nina antene, basi. Tatizo la antene ni kwamba kila mwanamke anayeipita anaona kamba nzuri ya kuanikia nguo, imenyooka, juani, na kuku hawaifikii. Nimekuta juu yake vikwembe, mashuka ya wodi ya wazazi, na siku moja suruali ya pasta, ikipepea yenyewe bila aibu. Ndiyo maana katika kila mafunzo, kabla sijagusa batri, naanza na nguo. Nguo yenye maji inavuta waya chini, inakula sauti. Mtu akianika shati lake ku antene, jirani yake hamsikii. Nasema hivyo mpaka povu linanitoka, wanafunzi wananiitikia kama kwaya, kisha wanarudi kwao, na mwezi unaofuata nakuta mashuka.

Isipokuwa mama wa foni wa Kibua. Huyo somo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Ana fimbo yake nyuma ya mlango, na mtu akisogea kwenye antene na beseni la nguo, anatoka nayo bila kusema neno. Mama wa makamo, mkulima wa mihogo, shemasi kanisani, na ana sauti ambayo nikiisikia asubuhi nachangamka hata kama nimeamka na mafua. Hakimbizi maneno. Anaagiza dawa ya minyoo kwa utulivu ule ule ambao mwingine angesomea Zaburi. Ndugu za wagonjwa wanakaa chini ya dirisha lake kumsikiliza tu.

Nampenda mama huyo, niseme kabisa tangu hapa. Kwa hiyo niliposikia foni yake inaumwa, nilifunga begi langu.

Nilianzia Mweso, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa kwa anayesema, si lazima kwa anayesikia. Motari aliyenibeba kwa pikipiki alikuwa mtu wa kusali kwenye kila kona, na kwa jinsi alivyokata kona zile, nilimsaidia. Tulipita kati ya ng'ombe na mashamba ya maharage, tukafika nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

Foni ya Mweso inashikwa na binti ya mama huyo huyo wa Kibua. Nilimfundisha mwenyewe. Alikuja Masisi kwenye mafunzo yangu ili arudi kumpokea mama yake kazi, lakini darasani alikuwemo kijana muganga wa Mweso ambaye hakuelewa chochote juu ya batri. Kila siku ana swali, na kila swali anampelekea yule binti, si mimi. Nilimwonea huruma, nikasema mutoto wa watu, kichwa kizito. Kumbe kichwa kilikuwa chepesi kabisa. Baadaye nikasikia wameoana, na binti amebaki Mweso. Nilifurahi, na kwa kuwa siku za ndoa yao nilikuwa Goma natafuta batri, sikujua mengine.

Nilimkuta na mtoto wa kike kifuani, mchanga bado, ana nywele nyingi kama kofia. Nikapima foni: safi. Kabule, waya wa kuunga foni na antene, safi, batri imeshiba, antene imenyooka wala haina hata leso juu yake. Nikamwambia hongera kwa antene, kisha nikakumbuka kumpa hongera ya mtoto.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina bado, Mama Fundi."

"Namna gani hana jina? Mutoto mukubwa hivi!"

Akanieleza. Kwa jamaa yao, mtoto wa kwanza wa binti anapewa jina na mama ya mama. Si baba, si pasta, si shangazi. Koko, bibi mwenyewe, anatamka, na hapo mtoto anakuwa mtu wa ukoo. Kwenda Kibua hawezi, njia ya siku hizi si ya kupitisha mtoto mchanga. Simu mama yake hana, na angekuwa nayo ingebaki tochi tu kule msituni. Ilibaki foni tu.

"Naita kila siku," akasema. "Namaliza vakasyo, naita Kibua. Hanisikie. Bwana yangu anasema tuchague jina sisi wenyewe, mutoto asikae kama muntu wa njiani. Miye nasema tungojee kwanza." Akamfunika mtoto kichwa, kisha akaniuliza polepole, "Ile antene ya Kibua iko na shida mingi?"

Mdomo wangu haujui kutulia. Nikamwambia, "Usilie. Ni waya tu ile. Nikifika Kibua, weye baki unaita tangu saa sita. Utaongea na mama yako." Nilisema hivyo kama mtu anayemiliki anga.

Njia ya Kibua ni kurudi Masisi, kushika Nyabiondo, kisha kuteremka mpaka milima inaishia na miti inaanza. Nilibeba kabule mpya, spika ndogo, na fromaji, jibini ya Masisi, kwa ajili ya mama, kwa sababu aliwahi kuniambia fromaji yetu ni maziwa yaliyojisahau na akala kipande kizima. Alinipokea kwa mikono miwili. Alinipikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, akaniuliza habari za maharage yangu. Za Mweso hakuuliza. Sikuona ajabu, nilikuwa nakula.

Kesho yake tukaingia kazini. Spika ya foni yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo alikuwa anasikilizia kwenye kaske, zile za kufunika masikio. Saa sita ilipofika akaivaa, akakaa wima mezani, mimi nikatoka nje na ngazi ya mianzi.

"Unasikia Mweso?" nikapiga kelele kutoka juu ya mti.

"Hapana!"

Nikakaza waya. "Na sasa?"

"Kelele tu!"

Nikashuka, nikabadilisha kabule. Nikapanda. Hapana. Nikahamia mti wa pili, ambao siafu walikuwa wameuhamia kabla yangu. Wee! Walinipanda mpaka mahali pasipoandikwa. Niliruka chini nikijikung'uta mbele ya wagonjwa, na wagonjwa, Mungu awabariki, wakapona kwa kicheko. Nikasafisha vichwa vya batri. Nikapangusa pano. Kisha nikakumbuka kuna ugonjwa wa foni ambapo sauti inaruka mlima, inapita juu ya kichwa cha jirani na kwenda kutua mbali kwa watu wasioitaka. Dawa yake ni kushusha antene. Nikaishusha. Kutoka dirishani mama akanijibu kwa sauti yake ile ya Zaburi:

"Bado, Mama Fundi. Pole."

Hapo nilichoka. Nikaingia ndani, jasho linanitiririka, mguu mmoja umevimba.

"Nipe ile kaske nisikie hizo kelele."

"Acha tu, pumuzika. Kunywa maji kwanza."

"Nipe."

Hakunipa. Aliishika kwa mikono miwili masikioni, akanitazama kama mtoto aliyeficha andazi mdomoni. Nikaivuta. Nikaivaa.

Sauti iliingia masikioni mwangu tano ku tano. Ningekuwa na sita ningempa sita. "Kibua, Kibua, hapa Mweso. Mama, ni miye. Unanisikia? Avu." Kisha tena, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua watu wamo: "Mama, ni miye."

Nikavua kaske. Nikamtazama mama. Yeye alikuwa anaangalia batri.

"Yesu wangu," nikasema. "Unamusikia!"

"Namusikia."

"Tangu zamani?"

"Kila siku, tangu alizaa; zamani nilimujibu ya dawa tu. Navaa kaske, nasikiliza mpaka anamaliza. Kisha naenda shambani."

Nilianza kucheka, kisha nikakasirika katikati ya kicheko. "Na ukaniacha nipande miti! Na siafu!"

"Sikukuambia upande. Weye njo unapenda kupanda."

Nikakaa chini juu ya sanduku la dawa. Akanisogezea maji, na sasa maneno yakamtoka, mwanzo polepole, kisha yote.

"Ile siku nilikuwa nangojea dawa ya malaria. Masisi ananiambia, Kibua, dawa iko mu njia, avu. Nasema biyen resi. Palepale Mweso anaingia. Ni mutoto wangu! Moyo inafurahi. Ananiambia, Kibua, nakujulisha kama nilifunga ndoa mu kanisa siku ya posho, ile Jumamosi, avu." Akapiga meza. "Avu! Miye mama yake, ananiambia avu, kati ya dawa ya malaria na moto ya mugonjwa!"

Sikuthubutu kucheka.

"Na mbele nifungue kinywa, Masisi anasema felisitasyo Kibua, hongera. Walikale, felisitasyo. Nyabiondo, felisitasyo. Bote! Nitajibu nini? Kila muntu namuambia biyen resi, biyen resi. Kaka yangu, njo mukubwa wa jamaa, alijua ile habari kwa motari. Kwa motari! Alikuja hapa kuniuliza juu ya nini namuficha ndoa ya binti yetu."

"Njia ilikuwa imefungwa, Mama. Angekuambia na nini?"

"Angesema, Mama, kuko neno, tuongee tukimaliza. Ningebakia ku foni. Ningelia kidogo, ningemubariki. Sikatae bwana yake, ile kijana ni muzuri. Nilikatala kusikia pamoja na batu bote, kama habari ya dawa." Akapangusa uso kwa upindo wa kikwembe. "Miye sikuwa mama ile siku. Nilikuwa kituo."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha kujiita vituo. Lakini mtoto wa Mweso alikuwa bado hana jina, na nilikuwa nimempakata kwa mikono yangu hii.

"Anaomba jina," nikasema.

"Najua. Namusikia mutoto akilia karibu na mikro."

"Basi na baba yake amechoka kungoja, atamchagulia mwenyewe. Mama, nisikilize. Kesho ku vakasyo Masisi ataniuliza foni ya Kibua ina ugonjwa gani. Nitasema ni nzima."

"Usiseme."

"Nitasema. Naweza kudanganya kuhusu umri wangu. Kuhusu waya, hapana."

Jioni alinipa chakula bila neno, lakini kipande kikubwa cha samaki kilikuwa upande wangu, nikajua bado tunaongea. Mimi nikaifunga ile spika mpya kwenye foni. Ndicho kitu pekee nilichotengeneza Kibua.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umekalia migomba, na watu walishajaa chini ya dirisha, maana habari ya spika ilikuwa imetembea. Mama alikuwa ameamka kabla yangu, nilimsikia akimwaga maji nyuma ya nyumba. Akaja akakaa mezani, mikono bado ina harufu ya sabuni. Masisi akaanza kuita. Ilipofika zamu yetu nikachukua mikro mimi.

"Masisi, hapa Kibua, fundi anasema. Foni ya hapa haina ugonjwa. Narudia, haina ugonjwa wowote. Avu."

Masisi, mwanaume ambaye kwa kawaida anamgombeza kila mtu anayekula batri kwa maneno mengi, hakugombeza. Nadhani walikuwa wamekwisha kujua wote, kutoka Masisi mpaka Walikale. Kisha akasema kwa adabu kubwa, "Biyen resi, Kibua. Mweso, ingia. Avu."

Binti aliingia. Sauti yake ilijaza chumba, na chini ya dirisha wakasogea.

"Kibua, hapa Mweso. Mama, ile siku nilikuambia ndoa yangu mbele ya batu bote. Nilikuwa na furaha, sikufikiri. Banasikia bote ile siku, na leo basikie bote: nilikukosea. Nakuomba musamaha. Mutoto wako anangojea jina. Avu."

Kwenye foni mtu akiacha mikro na hakuna anayesema, inabaki sauti ya mvua ya mbali tu. Tulisikiliza mvua hiyo. Mama alikuwa ameshika mikro na kidole hakijabonyeza. Walikale hakuingia. Nyabiondo hakuingia. Masisi hakusema lolote kuhusu batri. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumkumbatia. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Akabonyeza.

"Mweso, hapa Kibua." Akaisogeza mikro karibu. "Nakusikia tatu ku tano. Avu."

Tatu! Nikamwangalia. Spika ilikuwa karibu kupasuka kwa usafi, na yeye anasema tatu.

"Biyen resi, Mama," binti akajibu. "Tatu. Aksanti. Avu."

"Ngojea, sijamaliza. Leta mutoto ku mikro. Avu."

Kukawa na kukuru kakara, kitambaa kikisuguana na mikro. Kisha kikatoka kilio, kidogo lakini cha hasira, cha mtu aliyekatizwa kunyonya. Wamama wa dirishani wakapiga vigelegele, na mama akawanyamazisha kwa mkono.

"Huyu njo namusikia tano," akasema. Na machozi yakimshuka mpaka kwenye mikro yangu, akatamka jina.

Sheria yetu ni kwamba neno kubwa linarudiliwa na anayelipokea, ili lisipotee njiani. Mweso akalirudilia. Kisha, bila kuitwa, Masisi akalirudilia, biyen resi. Nyabiondo akalirudilia. Walikale akalirudilia, na kwa kuwa Walikale ni mtu wa kanisa akaongeza amina. Jina la mtoto yule lilipita juu ya milima yote mara nyingi asubuhi ile, na mimi nilitoka nje nikisema naenda kuangalia antene.

Sikuwa na la kuangalia, nilitaka kupangusa macho tu. Lakini nilipoinua kichwa, nikaona. Juu ya antene, katikati kabisa, kikwembe. Kimelowa, kinadondosha maji, waya umepinda kama mgongo wa ng'ombe mzee.

"Ni nani?" nikapasuka. "Ni nani ameanika nguo ku antene? Leo? Siku kama ya leo?"

Wamama wa dirishani wakatazamana, kisha wote wakaelekeza vidole mlangoni. Mama wa foni alikuwa amesimama pale, bila fimbo.

"Weye?" nikamuuliza. "Ni weye?"

"Ni ya kubebea mutoto," akasema. "Mupya inakwaruza batoto, nikaifua. Asubui, mbele ya vakasyo. Kamba ingine iko mu kivuli, na weye utaenda Mweso leo. Nilitaka ikauke."

Mbele ya vakasyo. Kabla ya binti kuomba msamaha, kabla ya mimi kufungua mdomo wangu. Alikishusha taratibu, akakikamua, akakikunja mara mbili na kuniwekea mikononi.

"Basi na ile tatu, Mama?" nikauliza. "Kwa nini ulimupa tatu?"

Akanikazia macho, kama mwalimu aliyeulizwa swali la mwaka wa kwanza.

"Sababu ya nguo ku antene. Inakula sauti. Si weye njo ulitufundisha?"

Nilitia kikwembe kile ndani ya begi la waya, kikiwa bado kibichi, nikapanda moto kwenda Mweso.